Beseni la Maji Juu ya Ekseli

4 Machi
Uani, chini ya lori

Shemeji,

Salamu nimeziweka mwishoni, ukizikosa ujue karatasi imeisha. Nakuandikia kwa sababu kukupigia simu ni kazi bure. Miaka hamsini ya kugonga vyuma imekuziba masikio. Mara ya mwisho nilikuuliza hali, ukanitajia bei ya makaa. Barua hii anakuletea rafiki yangu wa gari la magazeti. Mpe chai lakini usimpe kiti, akikaa haondoki.

Nina swali la kifundi. Lori langu unalijua, maana springi zake za nyuma ulizipanga wewe mwenyewe enzi hizo sote tuna meno. Limezeeka vizuri kuliko sisi. Injini inawaka kwa kuguswa tu, na watu wanaopita hapa nje husimama kulipiga picha kama bibi harusi. Lakini huko nyuma, shemeji, ni adhabu. Likiwa halina mzigo, likikanyaga punje ya mchanga linaruka. Juzi nilikwenda kujaza upepo, nikaacha koti kwenye bodi. Kurudi nyumbani, koti halipo. Nililikuta njia panda, limevaliwa na mlinzi wa duka, na lilimkaa vizuri mpaka nikaona aibu kulidai.

Kila upande una majani kumi na moja ya chuma, yamelaliana kama mikeka iliyopangwa kwenye kona. Nataka kuyapunguza ili lori lilainike. Nitoe mangapi, na nianze na yapi? Kazi naifanya hapa hapa uani, mwenyewe, kwa jeki, spana na matusi. Gereji siendi. Fundi wao ana umri wa soksi zangu na ananiita babu.

Utauliza mzee aliyestaafu anataka lori laini la nini. Nimepata kazi ya kubeba vioo. Vioo vya madirisha, vikubwa. Havitaki mtikiso. Ndiyo hivyo tu.

Dada yako, ambaye kwa bahati yangu ni mke wangu, yuko hapo kwako mwezi wa nne sasa tangu alipopasuliwa mgongo. Simuulizii. Namtaja tu ili usidhani nimemsahau. Daktari aliniambia anaweza kusafiri, ila awe amelala chali, asikae. Najua bado yupo kitandani kwako. Sijui kama anacheka.

Nijibu upesi. Nimeandika barua hii nimesimama, maana kiti kinanichoma, na kila sentensi mbili nakwenda kulitazama lori kama vile litajibu lenyewe.

Shemeji yako,
Honi

*

9 Machi
Karakana

Honi,

Barua imefika. Rafiki yako alikaa.

Majani usiyatoe bado. Zuia kwanza magurudumu ya mbele kwa mawe makubwa. Inua chesisi, iweke juu ya magogo mazito. Usiiamini jeki. Fungua springi zote mbili, kila jani liandike namba kwa chaki, kisha yaloweke kwenye mafuta machafu ya injini. Wiki tatu kamili. Usipunguze hata siku moja. Chuma cha zamani kina kiburi, kisipolowana kinakatika.

Baada ya hapo niandikie, nitakuambia hatua ya pili.

Dada anaendelea. Barua yako ilipofika alikuwa amelala, sikutaka kumsumbua.

Sijui ni vioo gani hivyo vinavyokufanya uandike umesimama.

Kaka wa mkeo

*

14 Machi
Uani

Shemeji wangu mwenye barua fupi kama kucha,

Nimefanya ulivyosema. Siku nne. Siku ya kwanza bolti hazikutaka hata kunitazama. Siku ya pili nilizipaka mafuta ya taa, nikazibembeleza, nikazitukana, nikazibembeleza tena. Mshona nguo jirani yangu akachungulia juu ya ukuta, akauliza naongea na nani. Nikamwambia naongea na mashemeji. Siku ya tatu ya kwanza ikalegea, na mimi nikaanguka kitako. Siku ya nne zote zikawa chini.

Majani ishirini na mawili, nimeyaloweka ndani ya lile beseni refu la kuogea la dada yako. Usimwambie. Yamelala mle kama samaki wenye hasira.

Sasa wiki tatu nifanye nini? Nimepanga spana kwa ukubwa, nikazipanga kwa umri. Nimefagia uani mara tatu kwa siku. Jana nilijikuta nimekwenda sokoni, nikasimama katikati, nikarudi, sikumbuki nilitaka nini. Nyumba ina vyumba vitatu na kila kimoja kinaniuliza kwa nini siko kwenye kingine.

Basi nikwambie ukweli. Hakuna vioo.

Siku ile tulipomleta dada yako hospitalini huko kwenu, nilimlaza nyuma ya lori juu ya godoro. Ulikuwepo alipokuwa anashushwa. Ulimsikia alivyosema, au masikio yako hayakufika: kwamba hapandi tena gari langu mpaka litulie kama maji kwenye beseni. Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Halafu nikaendesha kurudi peke yangu, na kicheko kikaishia kwenye kona ya kwanza.

Basi nimenunua beseni jingine, dogo, la bluu. Nimelijaza maji mpaka kwenye mstari, mstari nimeuchora kwa rangi yake ya kucha aliyoiacha dirishani. Springi zikirudi nitaliweka nyuma juu ya godoro, nitaendesha mpaka njia panda na kurudi. Maji yasipomwagika, nakuja kumchukua. Yakimwagika, natoa jani jingine. Huo ndio mpango wote. Kichwani mwangu hamna mwingine.

Je, amewahi kunitaja? Hata kwa ubaya. Hata akiomba chumvi akasema "chumvi hii ni kama ya yule mjinga".

Honi

*

21 Machi
Karakana

Honi,

Hakukutaja.

Hatua ya pili. Springi zimebeba kwa upande mmoja miaka mingi, zimechoka upande huo. Kabla ya kutoa jani lolote, rudisha yote kumi na moja kila upande, lakini uzigeuze. Upande wa mbele uende nyuma, wa nyuma uje mbele. Ziache hivyo wiki mbili zipumzike. Halafu niandikie.

Dada ameanza kusimama kwa kushika ukuta. Akiwa amelala anabishana na redio. Mtangazaji akisema mvua, yeye anasema hakuna, na mvua hainyeshi. Nyumba hii tangu marehemu mke wangu aondoke ilikuwa imezoea nyundo tu.

Usifanye haraka.

Kaka wa mkeo

*

11 Aprili
Uani

Shemeji,

Mwandiko ukiuona umelewa ujue nimebadilisha kalamu.

Springi nimezigeuza kama ulivyosema. Lori likakaa kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Magurudumu ya nyuma yakasogea mbele, tairi ikabusu bodi, nikiliwasha linalia chini kama mbuzi. Nikasema labda ndiyo kupumzika kwenyewe, fundi ni fundi. Nikaweka beseni, nikatoka. Sikufika hata kwenye duka la mlinzi mwenye koti langu. Nyuma nikasikia kishindo, nikashuka, beseni limejifunika na godoro linatiririka maji. Mlinzi akaniuliza nimebeba nini. Nikamwambia mke wangu. Alinitazama vibaya sana.

Nikaanza kuzigeuza tena zirudi zilivyokuwa. Hapo pakatokea jambo dogo. Si kitu. Lori liliamua kukaa kabla sijamaliza kuongea nalo. Sasa springi moja ipo ndani, moja ipo chini, na mimi nipo kizingitini nakunywa chai iliyopoa.

Sikiliza, wiki zako sizitaki tena. Kila mara niko karibu kumaliza, wewe unaniongezea. Mimi nimekula chumvi nyingi, sina wiki za kuloweka. Nikilala naliona beseni. Nikila naliona beseni. Jana nilikunywa chai, nikasimama, nikatembea na kikombe kutoka jikoni mpaka barazani ili nione kama kitamwagika. Kilimwagika. Ina maana hata mimi mwenyewe natakiwa kutolewa majani.

Muulize neno moja tu. Nikija, atapanda au hapandi? Kama hapandi, nitarudisha springi zote, nitakaza bolti, nitalifunika lori turubai, nami nitajua la kufanya na mikono yangu. Kama anapanda, niambie nitoe majani mangapi, leo, bila hatua ya tatu.

Honi

*

16 Aprili
Karakana, chumba cha nyuma

Mume wangu,

Barua hii ya mwisho nimeifungua mimi. Kaka alikwenda kununua makaa, rafiki yako wa magazeti akaniachia mkononi kisha akakaa, mpaka sasa yupo. Baada ya kuisoma nilikwenda, kwa kushika ukuta, mpaka kwenye sanduku la vyuma la kaka. Zile nyingine nimezikuta chini ya patasi. Sikuwa nimeziona hata moja. Kila nilipouliza kama umeandika, kaka alisema rafiki yako ameleta gazeti tu.

Kwanza, mkono. Kalamu haibadilishi mwandiko namna hiyo. Herufi zako huwa zinalalia kulia kama watu wanaokimbia mvua, hizi zimelalia kushoto. Umeandika kwa mkono wa kushoto. Kwa hiyo wa kulia umeumia, na "lori liliamua kukaa" maana yake jeki iliteleza. Niambie ni vidole vingapi. Usinifanyie mzaha katika hili.

Pili, springi. Umesahau nimezaliwa wapi. Kaka alishika nyundo, lakini mivukuto ya baba niliipuliza mimi tangu nina miaka saba, na nilikaa nikitazama huku yeye akigonga. Tundu la bolti la springi zile haliko katikati. Upande mmoja ni mfupi. Ukizigeuza, ekseli inasogea. Kaka anajua hilo akiwa usingizini. Wiki tatu za mafuta vilevile hazipo, siku mbili zinatosha. Amekuzungusha. Sababu yake aandike mwenyewe hapo chini, nimemwambia asipoandika apike mwenyewe kuanzia leo. Ndiyo, nimeanza kupika, nimekaa kwenye kigoda kirefu.

Tatu, usitoe jani hata moja. Lori la tani saba limetengenezwa kwa mzigo. Bila mzigo springi ni ngumu kama ubao, na mimi peke yangu si mzigo, hata kama ulikuwa unasema vingine. Ukilipa mzigo wake linakaa, linatulia. Na siku ile godoro uliliweka nyuma kabisa, karibu na mlango wa bodi, ili nipate upepo. Nyuma ya ekseli ndiko kunakorusha. Godoro liwe mbele ya ekseli, karibu na kabini.

Sasa lile swali lako la neno moja. Siwezi kulijibu kwa neno moja, kwa sababu nina swali langu, na nimekaa nalo miezi mitano bila kuliuliza.

Siku ile, baada ya daraja, niligonga kabini kwa kiatu. Nimekuwa mke wa dereva miaka thelathini na tisa. Najua utingo akigonga mara moja ni simama, akigonga mara mbili ni twende. Niligonga mara moja. Lori likaruka, nikalia, nikagonga tena. Halafu sikuweza kuhesabu, niligonga tu, niligonga mpaka soli ikatoka. Nawe ulinijibu kwa honi. Pii, pii, kama tunavyofanya harusini. Ukaongeza mwendo.

Nilipofika niliwachekesha watu kwa habari ya beseni kwa sababu nisingesema hivyo ningesema jambo ambalo halifutiki. Sitaki lori laini, wewe mzee. Nataka kujua ulisikia nini kule mbele.

Nijibu hilo. Halafu ndipo nitakwambia kama napanda.

Mkeo

*Honi. Amesema niandike, naandika. Wiki tatu nilizibuni. Kugeuza springi nilikubuni vilevile. Nilijua haitafaa, utaanza upya. Sikufikiri mkono wako. Nyumba ilikuwa kimya miaka sita halafu akaja, akagombana na redio. Nikaona ukimaliza lori, kimya kitarudi. Ni hivyo. Nisamehe, au usinisamehe, lakini mkono upeleke kwa daktari. Kaka wa mkeo.*

*

20 Aprili
Uani

Mke wangu, na wewe fundi wa uongo unayesoma juu ya bega lake,

Vidole viwili. Cha kati na cha pembeni yake. Daktari amevifunga kwenye kijiti, anasema kimoja kitarudi na kingine kitafikiria. Kula nakula kwa kushoto, nakula kidogo, shati linakula zaidi. Basi, mkono umeisha.

Swali lako nimelibeba siku mbili. Nilianza kulijibu mara tano, na mara zote tano katikati nikaandika kichekesho, nikachana.

Nilisikia.

Ule mlio wa kwanza wa kiatu niliuchukua kwamba umedondosha kitu. Uliofuata nikauunganisha na wa kwanza, nikapata mbili, nikasema ndiyo, anataka twende. Hapo naweza kuapa. Lakini ilipofika ya tano, ya sita, nilijua. Hakuna utingo duniani anayegonga hivyo. Nilijua unaumia. Mguu wangu ulikuwa karibu na breki, mke wangu, karibu kabisa, na haukwenda. Niliogopa. Nikisimama itabidi nishuke, nizunguke nyuma, nikutazame. Na mimi sijui kumtazama mtu anayeumia. Najua kumchekesha tu. Wewe hukuwa katika hali ya kuchekeshwa, na mimi sina kitu kingine mfukoni. Basi nikapiga honi. Nikakimbia, nikiwa nimekubeba nyuma yangu.

Ndiyo hilo. Halina mwisho wa kuchekesha. Nimelitafutia, halina.

Springi nimezirudisha zilivyokuwa, majani yote, mshona nguo akinishikia na kunilaumu. Sikuwa nimetupa hata moja, yale ya springi iliyobaki chini niliyaweka chini ya kitanda upande wako. Beseni lako la kuogea nimelisugua mara nne, bado lina harufu ya injini. Utanisema ukifika, kama utafika.

Umesema lori linataka mzigo. Nimewaza nibebe mchanga, nibebe mawe. Halafu nikamkumbuka mzee mmoja mwongo mwenye fuawe la kilo mia, majiliwa matatu ya kubania vyuma, mivukuto, na lundo la chuma cha springi ambalo hajalisogeza tangu baba yenu yu hai. Tani mbili na ushee, kwa jicho la dereva. Shemeji, nawe sikia, mwambie akupigie kelele sikioni. Chumba cha uani hapa kina mlango mpana na hakina mtu. Funga vyuma vyako. Viende chini kabisa vifungwe minyororo, juu yake mbao, juu ya mbao godoro, mbele ya ekseli kama alivyosema dada yako, mwenye lori. Wewe utakaa kando yake umshike mkono, maana wa kwangu utakuwa kwenye usukani. Redio njoo nayo. Nyundo isianze kabla sijaamka. Kunizungusha kwako nimekusamehe nusu, nusu nyingine utailipia kwa kunisikiliza kila siku, na kwa masikio yako hata hapo utanipunja.

Nitafika Jumamosi asubuhi na lori tupu. Mke wangu asipotaka kupanda, nitapakia vyuma vya kaka yake, nivishushe tena, nirudi. Sitapiga honi. Nimeichomoa. Tundu lake kwenye usukani nimeliziba kwa kitambaa, na watoto wa mtaa wameanza kuuliza sasa nitaitwa nani.

Mahali pa honi nimefunga kamba. Inatoka bodini, inapita kwenye dirisha la nyuma la kabini, inafika mpaka kwenye kifundo cha mkono wangu wa kulia, huu ulioharibika, ambao ukivutwa kidogo tu nauhisi mpaka kwenye meno. Nimeijaribu na mshona nguo, amevuta, nimelia, amefurahi.

Ukivuta mara moja, nitasimama. Ukivuta mara mbili, nitasimama. Ukivuta mara nyingi usizoweza kuhesabu, nitasimama, nitashuka, nitazunguka nyuma, nami nitakutazama.

Mumeo